Bwana Thayer, Mwanasheria Aliyetafuta Habari za Beethoven

Jina la Ludwig van Beethoven si geni kwa wasomaji wetu wapendao muziki. Alizaliwa Bonn, katika nchi ya Ujerumani, mwaka 1770, akafa Vienna tarehe 26 Machi 1827, naye alikuwa amekuwa kiziwi tangu miaka mingi. Lakini mwezi huu hatutasimulia maisha ya Beethoven. Twataka kuwapa habari za mtu mwingine, mwanasheria wa Marekani, aliyetumia karibu miaka hamsini kutafuta jambo moja tu, yaani Beethoven alikuwa mtu wa namna gani kwa kweli. Jina lake ni Alexander Wheelock Thayer.

Kwanza yafaa tueleze kwa nini kazi hiyo ilihitajiwa. Katika karne ya 19 walitokea watungaji wa muziki waitwao Waromantiki. Hao waliona ya kuwa kazi ya muziki ni kuyatoa nje yaliyofichwa ndani ya moyo wa mtu, huzuni yake na shauku yake, na yale asiyoweza kuyataja kwa maneno. Wengi wao walimwona Beethoven kama baba yao. Mwaka 1810 mtu mmoja, E. T. A. Hoffmann, aliandika juu ya simfonia ya tano ya Beethoven, akaonyesha kwamba muziki huo ndio wa Kiromantiki hasa. (Huyu Hoffmann naye alikuwa mtu wa sheria, na baadaye akawa hakimu katika Berlin. Ajabu ni jinsi watu wa sheria walivyo wengi katika habari za muziki. Hata Robert Schumann alisomeshwa sheria kabla ya kuiacha mwaka 1830.) Basi watu walipompenda Beethoven hivyo, hawakuridhika na nyimbo zake tu. Walitaka kuyajua maisha yake. Naye alipokwisha kufa, waliomjua wakaanza kusimulia, na waliosimuliwa wakasimulia wengine, na kila mmoja akaongeza chumvi yake. Baada ya miaka kumi na mitano hivi, mtu aliyekuwa mgumu, mwenye hasira na mwenye mashaka mengi, alikuwa amegeuzwa kuwa kama malaika aliyeteswa na wanadamu wabaya.

Thayer alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1817 katika kijiji cha South Natick, jimbo la Massachusetts. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, akamaliza masomo ya kwanza mwaka 1843. Alifanya kazi katika maktaba ya chuo hicho, akasoma pia sheria, akapata shahada yake mwaka 1848. Lakini sheria haikuwa kazi ya maisha yake. Aliichukua akaenda nayo mahali pengine, kama fundi achukuaye vyombo vyake akahamia mji mwingine.

Ni katika maktaba ile alipokutana na shauri lake. Vilikuwapo vitabu viwili vya maisha ya Beethoven vilivyoandikwa na watu waliomjua uso kwa uso. Kimoja kilitolewa mwaka 1838 na Franz Wegeler, tabibu, rafiki wa Beethoven tangu ujana wao huko Bonn, pamoja na Ferdinand Ries aliyekuwa mwanafunzi wake. Kingine kilitolewa mwaka 1840 na Anton Schindler, aliyemtumikia Beethoven kama karani katika miaka ya mwisho, kikatolewa tena kwa Kiingereza mwaka 1841. Thayer akavisoma, akaona havipatani. Huyu ataja mwaka huu, na yule mwaka mwingine. Jambo ambalo huyu alisifu, yule alaumu.

Twadhani wengi wetu tungalichagua kile kitabu kinachopendeza, na kile kingine tungalikirudisha rafuni. Thayer hakufanya hivyo. Alikuwa amefundishwa kwamba mashahidi wawili wakipingana, hakimu hana ruhusa ya kumwamini yule mwenye sauti tamu. Ni lazima aulize kila mmoja alikuwa wapi siku ile, aliona kwa macho yake au alisikia tu, na kama ana kisa na yule amsemaye. Hapo kwanza Thayer alitaka tu kukitengeneza kitabu cha Schindler na kuyasahihisha makosa yake. Alidhani kazi hiyo ni ndogo.

Mwaka 1849 alipanda merikebu kwenda Ulaya. Akajifunza Kijerumani, akaenda Bonn, Berlin, Prague na Vienna, akakaa zaidi ya miaka miwili. Fedha hakuwa nazo. Chakula chake alikipata kwa kuandika barua kwa magazeti ya kwao.

Huko Ujerumani alifanya kazi ambayo watu wengi waliona ni ya kuchosha. Alizifungua hati kuukuu za mfalme mdogo aliyetawala Bonn, aliyekuwa pia Askofu Mkuu wa Köln, akazinakili. Katika hati hizo aliziona habari za babu yake Beethoven, aliyefika Bonn mwaka 1733 kuwa mwimbaji, na habari za baba yake, mwimbaji naye, ambaye ulevi ulimharibu, hata mwaka 1789 nusu ya mshahara wake ikaamriwa apewe mwanawe Ludwig ili awatunze wadogo zake.

Tutoe mfano mmoja wa kazi hiyo. Beethoven mwenyewe hakujua umri wake. Siku zote alidhani amezaliwa miaka miwili baadaye kuliko ilivyo. Alipoonyeshwa hati ya ubatizo wake alikataa, akasema ni ya kaka yake. Na kweli alikuwapo mtoto wa kwanza aliyeitwa Ludwig Maria, aliyebatizwa tarehe 2 Aprili 1769 akafa baada ya siku chache. Mtu akipenda angeweza kuchanganyikiwa hapo. Lakini kitabu cha ubatizo cha kanisa lile kilionyesha ubatizo wa mtoto wa pili tarehe 17 Desemba 1770. Lipo pia tangazo la mwaka 1778, wakati baba alipomtoa mwanawe apige kinanda mbele ya watu huko Köln. Katika tangazo hilo mtoto anasemwa kuwa na miaka sita, naye alikuwa amekwisha kupita saba. Baba alitaka watu wastaajabu zaidi. Basi, uongo mdogo wa baba ukamfuata mwana katika hesabu ya maisha yake yote. Mambo kama hayo Thayer aliyaandika bila ukali wala kicheko. Aliweka hati mbele ya msomaji, akaendelea.

Huko Berlin palikuwa na hazina nyingine. Tangu mwaka 1818 hivi, Beethoven alipokuwa hawezi tena kusikia maneno, alichukua daftari ndogo, na aliyekuja kumwona aliandika humo analotaka kusema. Beethoven alisoma, kisha akajibu kwa kinywa. Schindler alikuwa amezichukua daftari hizo baada ya kifo chake, akaziuza mwaka 1846 kwa Maktaba ya Mfalme, nayo ikamlipa fedha kila mwaka. Zilikuwa 137. Thayer akakaa akizisoma ukurasa kwa ukurasa, maandishi ya penseli yaliyofifia, ya watu wengi, hayana tarehe wala majina. Fikirini, wasomaji, jinsi kazi hiyo ilivyo. Ni kama kusimama nje ya mlango na kumsikia mmoja tu katika watu wawili wanaozungumza. Swali laonekana, jibu halipo. Au lawama yaonekana, na sababu yake haijulikani. Thayer alizinakili, akatafuta tarehe zake kwa mambo yaliyotajwa humo na kwa kuyalinganisha na magazeti ya zamani.

Hapa inatupasa kusema jambo ambalo yeye hakulijua. Mwaka 1977 wataalamu wa maktaba hiyo ya Berlin walitangaza ya kuwa Schindler, baada ya kufa Beethoven, alikuwa ameongeza maneno yake mwenyewe katika daftari hizo, mahali pengi, ili aonekane kuwa alikuwa rafiki wa karibu zaidi kuliko alivyokuwa. Thayer alikuwa amemchunguza sana mtu huyo, akaonyesha makosa yake mengi, lakini hakudhani kwamba alidanganya kwa kusudi. Alimhesabu kuwa mtu mwaminifu ambaye kumbukumbu zake zilichanganyika na mawazo yake. Kwa hiyo baadhi ya maneno ya uongo yaliingia hata katika kitabu kilichokusudiwa kuuondoa uongo. Hatuoni kwamba hilo lamwondolea Thayer heshima yake. Hakimu apimaye ushahidi kwa uangalifu wote aweza bado kudanganywa na hati iliyoghushiwa. Ila lingekuwa jambo la kumhuzunisha sana kama angaliishi kulisikia.

Mwaka 1852 alirudi kwao, akaingia katika gazeti kubwa la New York liitwalo Tribune. Kazi ya usiku na ya haraka ikamdhuru. Maumivu ya kichwa yakaanza, nayo hayakumwacha tena maisha yake yote. Mwaka 1854 akasafiri mara ya pili kwenda Ulaya, lakini baada ya miaka miwili ugonjwa na umaskini vikamrudisha. Huko Boston akapata kazi ya kuvipanga na kuviandikisha vitabu vya Lowell Mason. Huyu Bwana Mason alikuwa mtungaji na mwalimu mkuu wa nyimbo za kanisa katika Marekani. Sauti yake iitwayo Bethany yaimbwa na Wakristo wa makanisa mengi. Alipoiona kazi ya Thayer, na jinsi alivyo maskini, alitoa fedha zake, na Bibi Mehetabel Adams wa Cambridge akatoa pia, hata mwaka 1858 Thayer akaweza kwenda Ulaya mara ya tatu. Twasikia mara nyingi habari za watu wakuu, na mara chache habari za wale waliowalipia nauli. Kama si hao wawili, kitabu hiki hakingekuwapo.

Sasa ilikuwa lazima kufanya haraka, kwa sababu mashahidi walikuwa wazee. Beethoven alikuwa amekufa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka ulimchukua mtu mmoja au wawili katika wale waliomjua. Thayer akawatafuta. Alimwona Schindler mwenyewe. Alimwona mshairi Grillparzer, aliyeyaandika maneno yaliyosomwa siku ya mazishi. Alikwenda London akazungumza na Charles Neate na Cipriani Potter, wanamuziki wa Kiingereza waliomtembelea Beethoven katika ujana wao. Profesa Otto Jahn, mwandishi wa maisha ya Mozart, alikuwa amekusanya habari nyingi za Beethoven akikusudia kuandika kitabu chake mwenyewe; naye akampa Thayer ruhusa ya kuzitumia. Jambo hilo si dogo kati ya wataalamu.

Katika mji wa Graz mwaka 1860 alimkuta Anselm Hüttenbrenner, mtungaji wa muziki, rafiki wa Schubert, ambaye alikuwamo chumbani saa ile Beethoven alipokata roho. Schindler hakuwapo, yeye na Stephan von Breuning walikuwa wamekwenda kutafuta mahali pa kaburi. Mzee Hüttenbrenner alimwandikia Thayer barua akieleza jinsi siku ile ya Machi, jioni, theluji ilipokuwa imelala mbele ya nyumba, umeme ulivyomulika chumbani na radi ikapiga, na jinsi mgonjwa alivyouinua mkono wake wa kuume, akaukunja ngumi, kisha mkono ukaanguka, naye hakupumua tena. Wengi wamelisimulia jambo hilo baadaye na kulipamba mapambo mengi. Thayer aliliandika kama lilivyotoka kwa yule aliyeliona, baada ya miaka thelathini na mitatu, wala hakuongeza kitu.

Mwaka 1862 alipata kazi katika ubalozi wa Marekani huko Vienna, na mwaka 1865 Rais Abraham Lincoln, kwa kuombwa na Seneta Charles Sumner, akamfanya balozi mdogo katika bandari ya Trieste, iliyokuwa wakati ule chini ya Kaisari wa Austria. Akakaa katika kazi hiyo mpaka mwaka 1882. Mchana alishughulika na merikebu, mizigo na mabaharia wa nchi yake. Saa zake nyingine zilikuwa za Beethoven. Huenda wasomaji wetu wa Ujiji na Tabora watapenda kujua ya kuwa tangu mwaka 1872 balozi mdogo wa Uingereza katika mji huo huo alikuwa Richard Burton, yule aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1858 pamoja na Speke.

Mwaka 1865 Thayer alitoa orodha ya kazi zote za Beethoven kwa utaratibu wa miaka. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha kwanza cha maisha yake. Cha pili mwaka 1872. Cha tatu mwaka 1879. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Thayer aliandika kwa Kiingereza, lugha yake. Lakini vitabu vilitoka kwa Kijerumani. Alimpa hati zake Hermann Deiters, mtaalamu mzaliwa wa Bonn, azifasiri na kuzitoa Berlin. Sababu yake ilikuwa ya kisheria kweli kweli. Alitaka ushahidi wake usomwe kwanza na wale wawezao kuupinga. Waliokuwa na barua za Beethoven masandukuni, waliokuwa na baba au mjomba aliyemjua, walikuwa Wajerumani na Waaustria. Kama amekosea, hao ndio watakaosema, naye apate kusahihisha kabla ya kitabu kwenda kwa watu wa kwao. Ni mwandishi gani leo angekubali kitabu chake kisisomwe kwanza kwa lugha yake mwenyewe?

Walioguswa zaidi na vitabu hivyo walikuwa ndugu wawili wa Beethoven, ingawa wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Wale waliompenda mtungaji walikuwa wamehitaji watu wabaya katika hadithi yao, wakawachagua Karl na Johann. Karl alisemwa kuwa mwizi wa hati za muziki. Johann, aliyekuwa muuza dawa na baadaye mwenye shamba huko Gneixendorf, alisemwa kuwa bahili aliyemtesa ndugu yake mgonjwa. Thayer akawatetea kama wakili awateteavyo washtakiwa wasio na mtu. Hakusema kwamba walikuwa watakatifu. Aliuliza tu ni nani aliyeshtaki na kwa hati gani, akaonyesha kwamba mara nyingi hati hakuna, na ya kuwa mashtaka mengi yalitoka katika hasira za Beethoven mwenyewe au katika chuki ya Schindler. Mwaka 1877 akatoa kijitabu kuyatetea mambo hayo. Wako waliochukizwa. Mtu aliyezoea kumlaumu Johann kwa uchungu wa Beethoven hafurahi akinyang'anywa Johann wake.

Hata hivyo Thayer hakushinda kila mahali. Baada ya kifo cha Beethoven ilionekana barua ya mapenzi, haina jina la mwanamke wala mwaka, ila tarehe 6 Julai, siku ya Jumatatu. Schindler alisema iliandikwa kwa Giulietta Guicciardi. Thayer akaonyesha ya kuwa haiwezekani. Lakini alipotafuta mwaka, aliuchagua mwaka 1806, ambao tarehe 6 Julai haikuwa Jumatatu, akasema Beethoven alikosea siku. Sasa wataalamu wamekubaliana kwamba barua hiyo iliandikwa Teplitz mwaka 1812, na mwaka ule tarehe 6 Julai ilikuwa Jumatatu kweli. Hapo twaona kwamba wakili alimsahihisha shahidi wake mahali ambapo shahidi alisema sawa.

Kitabu cha tatu kilikoma mwaka 1816. Cha nne hakikutoka mkononi mwake. Watu waliuliza kwa nini, maana Thayer aliishi miaka kumi na minane baada ya hapo, na hati zote alikuwa nazo.

Jibu moja ni ugonjwa. Kila alipokaa saa moja au mbili na kazi ya Beethoven, kichwa kilimuuma vikali, akawa hana budi kuacha. Lakini kazi nyingine aliziweza. Mwaka 1883 alitoa kitabu juu ya wana wa Israeli na Bahari ya Shamu, na baadaye kingine juu ya kukaa kwao Misri na kutoka kwao. Aliandika pia kuwapinga wale wasemao kwamba tamthilia za Shakespeare ziliandikwa na mtu mwingine. Basi, kichwa kilimruhusu kuvuka Bahari ya Shamu pamoja na Musa, lakini hakikumruhusu kuvuka mwaka 1816 pamoja na Beethoven.

Na nini kilikuwako baada ya mwaka huo? Ndugu yake Beethoven, Karl, alikufa tarehe 15 Novemba 1815, akaacha mtoto mmoja wa kiume, jina lake Karl naye, mwenye miaka tisa. Katika wosia wake alitaka mtoto alelewe na mama yake, Johanna, pamoja na Beethoven. Beethoven hakukubali kushirikiana na mama. Akamshtaki, akamtangaza kuwa mwanamke mbaya asiyestahili mtoto. Shauri likaenda mahakamani miaka minne na zaidi. Kwanza lilikuwa katika mahakama ya watu wa ukoo bora. Mwisho wa mwaka 1818 ikaonekana ya kuwa Beethoven si wa ukoo huo, kwani ile *van* ya jina lake ni ya Kiholanzi wala si alama ya ubwana. Likahamishwa mpaka baraza la mji. Baraza likampendelea mama. Beethoven akakata rufani, na mwaka 1820 akashinda. Mtoto akakua kati ya watu wawili waliomvuta huku na huku. Mwaka 1826, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akajipiga risasi kichwani kati ya magofu karibu na Baden. Hakufa.

Hati zote za shauri hilo zilikuwapo, nazo ni hati za mahakama. Hakuna mwandishi wa maisha ya mwanamuziki aliyefaa kuzisoma kuliko mtu mwenye shahada ya sheria. Humo hakuwamo Johann wa kubeba lawama. Alikuwamo Beethoven mwenyewe, akimnyang'anya mjane mtoto wake wa pekee, akiandika mambo ambayo hakuweza kuyathibitisha. Wako waliosema kwamba ni jambo hili lililomwumiza Thayer kichwa. Kwamba aliona mahali ambapo ushahidi ungempeleka, akashindwa kwenda. Hatuwezi kuingia ndani ya mtu aliyekufa zamani. Lakini twaona kwamba alikuwa amesema tangu mwanzo ya kuwa haandiki ili kumsifu mtu wala kumtetea, ila kutafuta kweli tu. Na ya kuwa alipolifikia jambo zito kuliko yote, hakuandika uongo ili apite. Alikaa kimya na hati zake mezani. Twasadiki kwamba kati ya kunyamaza huko na sifa zile za Schindler, pana umbali mkubwa.

Alikufa Trieste tarehe 15 Julai 1897, akazikwa huko huko katika makaburi ya Waprotestanti. Alikuwa na miaka sabini na tisa.

Hati zake zikamfikia Deiters, ambaye alikuwa mzee naye. Akakitengeneza upya kitabu cha kwanza, kikatoka mwaka 1901. Akashika cha nne, akafa mwezi wa Mei 1907 kabla hakijatoka. Ndipo Hugo Riemann wa Leipzig akaichukua kazi, akakitoa cha nne mwaka ule ule, na cha tano mwaka 1908. Humo shauri la mtoto lilisimuliwa, kwa hati zilizokusanywa na Thayer. Mama Johanna akapata kusikilizwa kidogo, ingawa si kwa wingi kama alivyostahili; waandishi wa miaka ya karibuni wamemtendea haki zaidi.

Lakini watu wa Marekani na Uingereza walikuwa hawajakisoma bado. Kazi ya kukileta kwa Kiingereza ilimwangukia Henry Edward Krehbiel, mwandishi wa mambo ya muziki katika gazeti la Tribune, lile lile lililomdhuru Thayer kichwa. Yeye pia alikuwa amesoma sheria katika ujana wake. Alizichukua karatasi za Thayer mwenyewe, zile za Kiingereza, akaongeza yaliyopungua kwa kufuata vitabu vya Kijerumani. Fedha za kukipiga chapa zikakosekana miaka mingi, tena vita vya mwaka 1914 vikaingia katikati. Mwishowe chama cha wanamuziki wa New York, Beethoven Association, kikalipa, na mwaka 1921 vitabu vitatu vikatoka, miaka ishirini na minne baada ya mazishi ya Trieste. Mwaka 1964 Elliot Forbes wa Harvard, chuo kile alikosoma Thayer, alivitengeneza tena, akiondoa yaliyoongezwa na wengine kila alipoweza, ili maneno ya Thayer yasomwe kama alivyoyaandika.